Mwangaluka Mwanza! Jibu langu kwa kijana wa sauti ya tena kuhusu Haleluya

Mwangaluka, watu wangu! Mwanza, Sengerema, Ukerewe, na wewe unayenitazama kutoka Musoma. Leo siko Manchester, niko nyumbani kabisa, nimekaa juu ya mawe Capri Point, na hilo nyuma yangu mnalijua, Jiwe la Bismarck. Mitumbwi ya dagaa ndiyo inarudi. Mkisikia injini inapita juu ya sauti yangu, mnivumilie.

Jumatatu napanda ndege, na safari hii narudi kwa hamu kwa sababu Septemba msimu wa maonyesho ya okestra, lile kundi kubwa la wapiga ala, unafunguliwa.

Jana jioni nilimsindikiza mama mazoezini, kwaya yao iko Nyakato. Umeme ulikuwa umekatika, kinanda kimya, wakaimba Haleluya ya Handel, mtunzi wa muziki wa karne ya 18, kwa Kiswahili, sauti zote nne, kwa tochi za simu. Nililia, sina haya kusema. Walipomaliza, kijana mmoja wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, akaniuliza, "Dada, hivi Wazungu nao wanauimba huu?"

Mdogo wangu, wanauimba, na wao hawaishii kwenye Haleluya. Ule ni wimbo mmoja ndani ya kazi kubwa iitwayo Messiah, yenye sehemu tatu, na Haleluya inafunga sehemu ya pili. Handel aliiandika mwaka 1741 kwa siku 24 tu. Ikaimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, na sehemu ya mapato ikaenda kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni.

Sasa sikia linalonigusa mimi. Mpiga ngoma wa okestra anakaa kimya zaidi ya saa nzima. Fidla zinapigwa, waimbaji wanasimama na kukaa, yeye mikono magotini. Ikifika Haleluya ndipo anapiga kwa mara ya kwanza. Mimi nimekua nikisikia bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya kulima, ngoma ndiyo inayoanza na jembe linaifuata. Kumwona mtu anaitunza ngoma yake muda wote ule, halafu anaipiga, mwili unasisimka mpaka vidole vya miguu.

Okestra ninayoirudia Manchester inaitwa Hallé. Ilianzishwa mwaka 1858 na Charles Hallé, naye alikuwa mgeni pale Manchester kama mimi. Alizaliwa Ujerumani, akaishi Paris, akaondoka wakati wa mapinduzi ya 1848. Anayeiongoza leo, Kahchun Wong, anatoka Singapore. Ukumbi wao, Bridgewater Hall, umekalishwa juu ya springi karibu 300 ili mtikisiko wa magari na treni za mjini usiingie ndani. Ukikaa mle unasikia pumzi ya mtu wa fidla kabla hajapiga.

Na kwaya yao, ndugu zangu, hailipwi. Wanapimwa sauti kwanza, hapo hakuna mchezo, lakini ni watu wenye kazi zao, wanatoka kazini wanakwenda mazoezini. Ni akina mama yangu hao hao! Mwenzenu nilikaa Uingereza miaka mitatu nikipita nje ya ukumbi ule, nikidhani ndani si kwangu. Hakuna aliyenizuia mlangoni. Nilijizuia mwenyewe, na hiyo miaka mitatu inaniuma hadi leo.

Msimu pia si kitu kigeni kwetu. Wasukuma wakishavuna, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma, wanashindana, na sherehe ya Bulabo pale Bujora mwezi wa sita watu wanaisubiri mwaka mzima. Manchester wanafuata baridi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, giza linakubana, ndipo watu wanajazana ukumbini kusikiliza Messiah.

Kwa hiyo, kijana wa tena, na wanakwaya wote wa Kanda ya Ziwa: tafuteni kazi nzima mtandaoni, mjitengee saa mbili na nusu, mkae nayo pamoja. Msiruke mpaka Haleluya. Anzeni mwanzo, msubiri na yule mpiga ngoma. Desemba nikitoka ukumbini nitawapigia video kutoka nje, maana ndani hawaruhusu kurekodi, na mama ameshaniambia atakuwa macho hata ikiwa usiku wa manane.

Ona, mtumbwi mwingine huo unaingia. Ngoja niwageuzie kamera.