Jina la Faili Siyo "Mwisho Kabisa"

Mazungumzo na makarani, makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu, Ilala, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, nimeshaitikia, marahaba. Nimepewa dakika 40, na 10 zimeshaliwa na projekta. Tuiache ipumzike. Ninachotaka kusema hakihitaji picha.

Wengine mmeshanisikia, nawaona mnavyotabasamu pale nyuma. Naam, ni yale yale ya majina ya mafaili, na nitayarudia mpaka mniambie mmefanya. Kila ofisi ninayoitwa naambiwa, "Mama, njoo utusaidie, kompyuta zetu ziko slo." Nakwenda. Nakaa nyuma ya karani, simsemeshi, namtazama tu anavyofanya kazi. Kompyuta haina shida. Karani anatafuta barua. Anafungua faili, siyo. Anafungua jingine, siyo. Anampigia mwenzake: "Eti ile barua ya mkataba wa lifti uliiweka wapi?" Iko deskitopu. Deskitopu yenyewe imejaa mpaka picha ya nyuma haionekani, kama Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Halafu bosi ananiomba nipendekeze kompyuta mpya. Ya nini? Mtu huyu ukimnunulia mashine ya milioni 4 atapotea humo humo, ila kwa kasi zaidi.

Nina haki ya kusema kwa sababu na mimi nimepotea. Nilikuwa katibu muhtasi wa kampuni moja hapa mjini, siitaji. Tuliomba zabuni ya kusambaza meza na viti. Siku hizi zabuni za serikali zinapita mtandaoni, kwenye mfumo wa manunuzi unaoitwa NeST. Enzi zile ilikuwa karatasi, bahasha yenye lakiri na sanduku, na ikigonga saa nne sanduku linafungwa hata kama umebakiza hatua mbili kufika mlangoni. Bosi yuko kwenye ndege, simu imezimwa. Saa mbili na nusu asubuhi nafungua folda niprinti jedwali la bei. Nikakuta haya, nayakumbuka kama majina ya wanangu: "bei mwisho". "bei mwisho 2". "bei mwisho kabisa". "bei mwisho ya bosi". "bei mwisho ya bosi (1)".

Chekeni tu. Nani hapa hana?

Basi nikajiona mjanja. Nikayapanga kwa tarehe ya kubadilishwa, nikasema lililo jipya ndilo lenyewe. Juu kabisa likaja "bei mwisho kabisa", limebadilishwa jana yake saa kumi na moja jioni. Nikaprinti, nikagonga muhuri, nikafunga bahasha, nikarukia bodaboda. Nilifika saa nne kasoro dakika sita, najipongeza.

Kumbe jana yake jioni kijana wetu mmoja alilifungua lile faili anakili anwani ya mteja, akagusa kitufe cha nafasi bila kujua. Alipofunga, kompyuta ikamwuliza kama ahifadhi mabadiliko, naye kwa adabu zake akakubali. Nafasi moja tupu! Faili la wiki mbili nyuma likapanda juu ya mengine yote. Ile tarehe inakuambia faili limeguswa lini. Haikuambii kama kilichomo ndicho mlichokubaliana.

Bei zikasomwa kwa sauti mbele ya waombaji wote. Yetu: milioni 40. Magoti yakaniisha nguvu. Ilikuwa bei kabla ya VAT. Asilimia 18 ya milioni 40 ni milioni 7 na laki 2, na iliyosomwa ndiyo bei, hakuna cha kuongeza baadaye. Nilikaa pale namwomba Mungu tushindwe.

Tukashinda.

Viti vile tulivipeleka kwa hasara. Kila gari lilipotoka getini bosi alinitazama, hasemi kitu. Afadhali angenifokea nikajua moja.

Toka siku ile faili langu linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu ni kitu gani, kinahusu nini, na toleo la ngapi. Kwa mfano, 2024-03-09 Barua Likizo Idara ya Fedha T02. Ni refu, ndiyo. Unaliandika mara moja, unalisoma mara mia.

Sasa najua kuna mtu atasema, mama, sisi tunaanza na siku. Kwenye barua anza na siku, andika 9 Machi kama ulivyofundishwa shuleni. Lakini jina la faili ukilianza na 09, kompyuta itakuwekea tarehe 9 ya Machi, ya Juni na ya Desemba pamoja kama watoto wa mama mmoja, hata kama zimepishana miaka mitano. Ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe, la Januari mbele ya la Februari, wewe unakunywa chai. Wala sikuubuni mimi utaratibu huu. Shirika la kimataifa la viwango liliutoa mwaka 1988, unaitwa ISO 8601. Weka vistari, maana ule mkwaju wa 9/3 Windows inaukataa kwenye jina. Na andika 03, siyo 3, kwa sababu si kila programu inajua kwamba 10 inakuja baada ya 9.

Neno "mwisho" nimelipiga marufuku. Mwisho anaujua Mungu. Andika T01, T02, T03, na barua ikishasainiwa ongeza IMESAINIWA. Hilo ni jambo lililotokea, mtu anaweza kulihakiki. "Mwisho kabisa" ni matumaini yako tu saa kumi na moja jioni unapotaka kuwahi gari la Mbagala.

Kila ninapokwenda hakosekani kijana wa kuniambia, mama, hayo ni ya zamani, siku hizi unaandika neno tu kompyuta inatafuta. Sawa mwanangu. Andika "bei". Itakuletea yote matano, na ya mwaka juzi juu yake. Inatafuta, lakini haikuchagulii. Na zile karatasi mnazoskani? Skana imeliita faili "Scan0047", ndani kuna picha ya karatasi, na kama haijasomwa na programu ya kutambua maandishi basi hamna hata neno moja la kutafuta. Mimi nimekuta ofisi ina mafaili ya namna hiyo folda nzima, hati za viwanja zimechanganyika na risiti za maji ya kunywa. Likitoka kwenye skana, pale pale, lichague, bonyeza F2, andika jina, bonyeza Enter. Hujagusa kipanya, na haijafika nusu dakika.

Wa Google Docs nawaona mmekunja mikono. Nyie T01 na T02 hamzihitaji, historia ya matoleo inajihifadhi yenyewe, nakubali. Lakini siku ya kuipakua hati ili umtumie mteja, imerudi kuwa faili, na faili linataka jina.

Kitu kingine cha jina ni mkia wake, zile herufi za baada ya nukta. Windows kwa kawaida inauficha. Nendeni kwenye View mkauwashe uonekane. Na msidhani haya ni ya ushamba wetu. Oktoba 2020, huko Uingereza, taasisi ya Public Health England iligundua kuwa majibu ya watu 15,841 wenye UVIKO-19 hayakuingia kwenye hesabu ya taifa kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Chanzo? Faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye mkia xls. Lile linabeba mistari 65,536 basi, inayozidi inamwagika. Mtindo wa xlsx, uliokuja na Excel ya 2007, unabeba mistari 1,048,576. Herufi moja ya mkiani, jamani. Rejesta yako bado ina mkia xls? Fungua, hifadhi upya kama xlsx, leo.

Naonyeshwa saa. Dakika tano? Mlisema 40! Haya, nakimbia.

Kibodi. Kukata, kunakili na kubandika mnajua, Ctrl na X, C, V. Bwana Larry Tesler na wenzake wa Xerox kule California walitutengenezea huko kukata na kubandika miaka ya 1970, amefariki 2020, na bado kuna watu wanakwenda kwa kipanya mpaka kwenye menyu kila mara. Badala ya Ctrl na V, jaribuni kitufe cha Windows pamoja na V. Mara ya kwanza kitakuomba uwashe, ukiwasha kitakuonyesha vitu vingi ulivyonakili, siyo cha mwisho tu. Kipo tangu 2018 na nusu ya ukumbi huu ndio kwanza unakisikia, naona mnavyoandika. Umefunga ukurasa wa intaneti kwa bahati mbaya? Ctrl, Shift na T, unarudi. Umeharibu? Ctrl na Z kabla hujapiga kelele za kumwita fundi.

Umeme. Word inajiwekea akiba ya dharura kila dakika 10 usipoibadilisha, na umeme wa kwetu haujawahi kuuliza ni dakika ya ngapi. Ctrl na S kila ukimaliza aya.

Mitindo ya vichwa vya habari nilitaka kuisema, ile ya kuacha kuhesabu kurasa za yaliyomo kwa kidole. Inataka siku yake. Nywila siigusi kabisa, nikianza hatutoki hapa.

Swali moja tu. Ndiyo, baba. Mafaili ya zamani, elfu na kitu, uyape yote majina upya? Hapana, utakufa kabla hujamaliza. Yasukume yote kwenye folda moja, iite 2024 na kurudi nyuma, ukilifungua moja kwa kazi ndipo ulipe jina na ulihamishe. Yatakayobaki humo baada ya mwaka, utakuwa umejua kuwa hakuna anayeyahitaji.

Chai ipo nje. Dada, wewe wa kilemba cha njano, unakwenda wapi na laptopu iko wazi, mshahara wa ofisi nzima unasomeka mpaka huku mbele? Rudi. Kitufe cha Windows na L. Ehee. Sasa nenda kanywe chai.