Kipenyo hakitoshi: pete za miti na uvunaji wa misitu yetu

Shikamooni wazee wangu, na habari zenu wengine wote. Nimefurahi kuona maseremala wa Moshi, mabwana misitu na wanafunzi wamekaa ukumbi mmoja, maana jambo hili la kupanga uvunaji kwa kusoma pete za miti tusipolizungumza pamoja tutaendelea kukata kwa kukisia.

Kipande hiki kinachopita mikononi mwenu ni cha kisiki cha mninga. Kimepigwa randa, kisha msasa laini. Kielekezeni kwenye mwanga, mtaona mistari myembamba iliyopauka ikizunguka kiini; kutoka mstari mmoja hadi unaofuata ndiyo pete. Pale ndipo mvua ilipoanza, mti ukatengeneza matundu makubwa ya kupitishia maji. Kadiri kiangazi kilivyokaribia matundu yakapungua ukubwa, mwishowe mti ukapukutisha majani na kupumzika. Mninga wa Tabora na Katavi huota kwenye misitu ya miombo, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kwa hiyo pete moja ni mwaka mmoja.

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba miti ya ukanda wa joto haina pete za mwaka kwa sababu haipati baridi kali. Si kweli. Huko kisiwa cha Java, Indonesia, mtafiti Berlage alichapisha mwaka 1931 mfululizo wa pete za mtiki uliorudi nyuma hadi 1514. Mwaka 1999 mtafiti wa pete za miti David Stahle na wenzake walichapisha utafiti wa mninga wa Zimbabwe, wakaonyesha kwamba pete zake ni za kila mwaka na kwamba zinafaa kupangia uvunaji. Ukame unatosha kuusimamisha mti. Kwenye mabonde ya Amazon, hata mafuriko yanatosha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kanuni zetu za uvunaji hutazama kipenyo: mti ukifika unene fulani, ruhusa. Lakini kipenyo ni kama kimo cha mtoto. Watoto wa darasa moja hawalingani urefu. Chukua mti unaoongezeka milimita 5 za kipenyo kwa mwaka. Kutoka sentimita 30 hadi 50 utahitaji miaka 40. Mkirudi kuvuna msitu ule baada ya miaka 20, miti mliyoiacha na sentimita 30 itakuwa na 40 tu. Mtapunguza kipenyo cha kuruhusiwa ili mpate magogo, na safari inayofuata mtapunguza tena. Msitu unaisha hivyo, kwa vibali halali, bila mwizi hata mmoja. Hili linaniuma kuliko magogo ya magendo, kwa sababu tuna njia ya kulizuia: kusoma kwenye pete mti unakua kwa kasi gani.

Huku kwetu mlimani kazi ni ngumu zaidi, na nawaomba vijana mnisikilize vizuri. Tuna masika na tuna vuli. Mti unaweza kuandika pete mbili kwa mwaka, na mwaka wa ukame ukaruka pete upande mmoja wa shina. Anayehesabu kwa pupa atasema mti una miaka 60, kumbe una 30. Ndiyo maana lazima tuhakiki. Mfaransa Alain Mariaux alionyesha njia rahisi: unachonga kidirisha kidogo kwenye gome mpaka kwenye utando unaozalisha mbao, unaandika tarehe, na miaka michache baadaye kovu linakuonyesha ni pete ngapi zimeongezeka. Njia nyingine ni kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo mti huivuta kutoka hewani. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani yaliiongeza sana, ikafikia kilele miaka ya 1963 hadi 1965, na alama hiyo imo ndani ya mbao za dunia nzima, kwa hiyo pete iliyoibeba tunajua ni ya miaka ile na tunaweza kuhakiki hesabu yetu.

Mnaufahamu mti wa mkukusu wa Kilimanjaro, ule wa urefu wa mita 81.5 ambao mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliuripoti mwaka 2016. Umri wa mikukusu mirefu ya huko ulikadiriwa kwa kasi ya ukuaji, kati ya miaka 500 na 600. Anayesema mti wa aina hiyo utarudi tukipanda mwingine aambiwe utarudi lini.

Tahadhari moja zaidi: tukipima miti mikubwa iliyobaki peke yake tutadanganyika, kwa sababu huenda imebaki kwa kuwa ilikua haraka. Miti midogo nayo ipimwe, hata isiyo na soko. Ipo kekee maalumu yenye tundu katikati, inatoa kijiti chembamba kuliko penseli chenye pete za kuhesabu, na mti unabaki hai.

Ombi langu kwenu wenye misumeno. Gogo likifika kiwandani, kateni kisahani cha unene wa vidole vitatu kwenye ncha ya chini, msikifanye kuni. Andikeni kwa kalamu ya rangi jina la mti, kijiji ulikotoka, mwezi na mwaka uliokatwa. Kianikeni kivulini, kisilale juani, kitapasuka. Mkisahau tarehe ya kukata, pete ya nje haina pa kuanzia, na kisahani hicho kitakuwa na kazi ndogo sana.

Karibuni kwa maswali, tuanze na mzee pale nyuma.