Simama Vizuri Juu ya Elipitiko, Nayo Itadumu

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mmeniomba nizungumzie utunzaji wa hii elipitiko, mashine ya mazoezi ya kukanyaga pedeli ukiwa umesimama, mliyoinunua kwa kuchangishana. Naanza na jambo ambalo watu hulisahau: kabla ya spana na grisi, mashine hii hutunzwa na miguu ya anayeipanda.

Kampuni ya Precor ya Marekani ilileta elipitiko yake sokoni mwaka 1995, na kilichowapendeza watu ni kwamba unyayo haubanduki kwenye pedeli. Ukikimbia barabarani, kila hatua mguu unatua kwa kishindo na goti linakipokea. Huku hakuna kutua. Ndiyo maana wengi wenye magoti yanayouma huivumilia, ingawa mwenye maradhi amwone daktari kwanza.

Sasa angalieni tunavyopanda. Tunailalia mikono ya mashine, kifua mbele, uzito wote begani. Gurudumu zito la ndani likishashika kasi hujizungusha, miguu inaburutwa tu, na huku kalori zinapanda kwenye skrini. Msizishangilie zile namba. Ni makisio, na mara nyingi yamezidi. Kipimo kizuri ni pumzi: uweze kuongea lakini kuimba kukushinde. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiwango hicho. Nusu saa kwa siku tano, umefika.

Kwa hiyo shika mkono usiosogea, panda pedeli iliyo chini kwanza, kisha simama wima. Ongeza ugumu kidogo hadi uhisi unasukuma. Vidole vikifa ganzi, legeza kamba za viatu na ushushe visigino.

Anayeegemea upande mmoja anaviumiza viungio vya upande huo, na bolti zake ndizo zinazolegea mapema. Dalili yake utaisikia: kli, kli, mlio mmoja kila pedeli inapofika mahali palepale. Mlio wa namna hiyo msiupulizie mafuta. Mmoja azungushe pedeli polepole kwa mkono, mwingine aweke kiganja juu ya kiungio, mbali na panapobana vidole. Penye kasoro patagonga kiganjani. Mara nyingi ni bolti ya krenki, kile chuma kinachozungusha gurudumu la ndani, au ya mkono wa pedeli. Ikazeni mapema, kwa sababu bolti iliyolegea hula tundu lake, na tundu likishapanuka hakuna kukaza kutakakosaidia. Hapo mnanunua krenki nyingine, na spea za mashine hizi kuzipata ni kazi.

Adui wa pili ni chumvi. Sisi wa pwani tunayo ya jasho na ya upepo wa bahari. Inama utazame chini ya mikono, pale jasho linapochuruzika na kukaukia: ukiona weupe, kutu iko njiani. Kila anayeshuka afute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Maji yasimwagwe kwenye skrini.

Kama yenu ina reli, vile vyuma ambavyo magurudumu madogo ya pedeli hupita juu yake, futeni vumbi jeusi linaloganda hapo, kisha pakeni kilainishi cha silikoni kidogo sana, kama kitabu cha mashine kinaruhusu. Oili ya gari na mafuta ya taa, hapana. Oili inakamata mchanga, mafuta ya taa yanaosha grisi ya beringi, na magurudumu madogo ya reli yanaharibika kabla ya wakati.

Kuhusu umeme, nitasema moja tu: kwa mashine iliyotoka Marekani, soma kwanza maandishi ya adapta. Kule ni volti 120, hapa 230. Kama haikuandikwa kwamba inapokea zote mbili, usiichomeke.

Na hii yenu inayumba, nimeiona nilipoingia. Sakafu haiko sawa. Zungusheni ile miguu ya chini hadi yote minne iguse, maana mashine inayoyumba inalegeza bolti hata kwa anayesimama vizuri. Vijana wawili njooni mniinulie upande huu tuirekebishe sasa hivi, kisha yule dada aliyelalamikia mlio apande, sote tusikilize.