Waliokimbia na Waliokombolewa

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, vijana, na majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum. Mmenipa mada ambayo wengi huiogopa katika mji huu, nami sitaizunguka. Wakristo tunaamini kwamba wokovu uko kwa Kristo peke yake. Hatusemi kwake kwanza na kwa wengine baadaye. Hilo neno "peke yake" ndilo linalouma, na ndilo nitakalokaa nalo jioni hii.

Petro alilisema hivi katika Matendo 4:12: "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote, kwa maana hapana jina jingine chini ya mbingu walilopewa wanadamu litupasalo sisi kuokolewa kwalo." Kabla hatujaibeba aya hii kama rungu, tumtazame aliyeisema. Alikuwa mvuvi aliyelala kizuizini usiku uliotangulia, amesimamishwa mbele ya wakuu wa Yerusalemu kwa sababu kiwete wa mlangoni pa hekalu ametembea. Hakuwa na askari hata mmoja.

Naanza na hilo kwa kuwa hapa kwetu Mombasa jina la Yesu liliwahi kuja na mizinga. Ile ngome ya Mji wa Kale, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaiita Ngome ya Yesu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa huko, aliiteka akamuua kapteni wao, na Wakristo waliokataa kuiacha imani yao wakauawa, Wareno kwa Waafrika. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira, na hadi inaanguka mwaka 1698 waliokimbilia ndani walikuwa wamekwisha kwa njaa na maradhi. Ngome ilikuwa na jina la Yesu, nao walifia ndani yake. Basi nikisema "jina hili pekee", asije mtu akadhani nasema bendera yetu pekee, au dhehebu letu pekee.

Sasa twende Rabai, kijiji kilicho bara kidogo kutoka Mombasa, kwa kuwa huko ndiko nilikolielewa neno hili.

Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mmisionari mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Miaka ikapita. Watumwa waliotoroka kwenye mashamba ya pwani wakawa wanakimbilia huko na kwenye vituo vingine vya wamisheni. Walilima, walioana, walibatizwa, walizaa. Ungewaona ungesema ni watu huru. Lakini mabwana zao walikuwa hai, walikuwa wakiwadai, na kwa sheria ya wakati ule mtu yule aliyekuwa akiimba kanisani Jumapili alikuwa bado mali ya mtu mwingine. Madai yalipopamba moto, George Mackenzie, wa ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa pwani na Sultani, alipatana na mabwana kwamba kila mtumwa alipiwe. Januari 1889, watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Nimekaa sana na siku ile moyoni. Fikiria mtu aliyetoroka zamani. Miguu yake imefanya yote ambayo miguu inaweza kufanya. Ana shamba lake la mihogo, ana mke, ana jina jipya la ubatizo. Lakini mbwa wakibweka usiku, anaamka. Mgeni akionekana njiani, anaingia ndani. Kisha siku moja anapewa karatasi. Shamba ni lilelile, nyumba ni ileile, na jirani ni yuleyule. Usiku ule mbwa wanabweka, naye anageuka ubavu wa pili na kulala.

Kukimbia ni jambo moja, na kukombolewa ni jingine.

Lugha yetu inalijua hili vizuri. Mama akiwa na shida ya karo, anachukua cheni yake ya dhahabu anaiweka rehani. Siku akipata, anakwenda kuikomboa. Hakuna cheni iliyowahi kujikomboa yenyewe, hata kama ni dhahabu safi. Thamani yake haipungui ikiwa kwenye sanduku la sonara, lakini haitoki mpaka mwenyewe aje na pesa mkononi. Ndiyo maana Kristo tunamwita Mkombozi.

Wengi wetu humu tumekimbia. Mtu ameacha mnazi, ameacha miraa, ameacha nyumba ndogo. Sidharau hata kidogo. Waliobaki mashambani walikuwa na hali mbaya zaidi. Ila nakuuliza, mbwa wakibweka usiku unalala?

Sasa, kwa nini yeye tu? Fungueni Zaburi 49, mstari wa 7: "Hakuna mtu awezaye kumkomboa ndugu yake, wala kumpa Mungu fidia kwa ajili yake." Majirani zangu Waislamu mnaijua aya ya Kurani isemayo kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hapo tunakwenda pamoja hatua nyingi kuliko watu wanavyodhani. Si nabii, si mtakatifu, si mama yako mzazi aliyekuombea kwa machozi. Mwanadamu hamkomboi mwanadamu, kwa sababu naye yumo rehani. Lakini zaburi ileile, mstari wa 15, inasema: "Bali Mungu atanikomboa nafsi yangu." Na katika Marko 10:45 Yesu anasema amekuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi." Tukiyaweka maneno haya pamoja, mtaona "peke yake" inatoka wapi. Haikutokana na mashindano ambayo Yesu aliwashinda wengine. Kazi yenyewe imezidi uwezo wa kiumbe. Ni Mungu tu aiwezaye, nasi tunaamini alikuja mwenyewe kuifanya.

Jirani yangu ataniambia, Mungu ni Mwingi wa rehema, husamehe bila fidia. Namheshimu kwa neno hilo. Nami namjibu hivi: ukinidai shilingi elfu hamsini ukanisamehe, zile elfu hamsini hazikuyeyuka. Umezibeba wewe. Mimi natoka kwako sidaiwi, nawe watoto wako wanakula sima kavu mwezi huo. Msalaba ni Mungu kuibeba hasara yake mwenyewe. Hapo ndipo tunapoachana njia, na afadhali tuachane tukijua ni wapi.

Niseme pia mahali ambapo mfano wangu wa Rabai unakatika. Kampuni iliwalipa mabwana, na waliostahili kulipwa kwa jasho lao ni watumwa. Hilo linaniuma. Basi fidia ya Kristo alilipwa nani? Swali hili ni la kale. Wako walimu wa kanisa waliosema alilipwa shetani. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya nne, alilikataa wazo hilo kwa ukali: mnyang'anyi alipwe, tena malipo yenyewe yawe Mungu mwenyewe? Mimi niko na Gregori. Mwizi wa watu hana haki ya bei. Deni lilikuwa mbele za Mungu aliye haki, na shetani hakuwa na dai lolote ndani yake.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Tukisema "Kristo peke yake" hapa Mombasa, watu hugeuka kutazama msikitini. Mimi nawasihi tujitazame sisi. Paulo alipowaandikia Wagalatia, wale waliomkasirisha hawakuwa wanamkana Kristo. Walimkiri, kisha wakaongeza tohara. Kitu kimoja tu, tena kilichoamriwa katika Torati! Akawaambia, "mkitahiriwa, Kristo hatawafaidia neno." Sisi tumeongeza mangapi? Chupa ya mafuta ya upako. Maji yaliyoombewa. Sadaka iitwayo mbegu ya kupanda, ili jina lako lisomwe madhabahuni. Mwanangu alipokuwa mgonjwa, mimi mwenyewe nililipa ili aombewe, na mtoto alipozidiwa niliambiwa sadaka yangu ilikuwa ndogo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sina nauli, nikiamini nimemuuza mtoto wangu kwa umaskini wangu. Mwenye kumwambia mzazi neno kama hilo amemrudisha shambani kwa bwana wake, hata kama amemtaja Yesu mara mia.

Hata makanisa makubwa yaliyogombana juu ya jambo hili tangu siku za Luther yalifika mahali pa kusema pamoja. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko moja kwamba twakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo ya kuokoa, na si kwa stahili yetu yoyote. Yako mengine yaliyobaki bila kupatana. Hilo moja lilitiwa saini.

Najua swali litakalokuja, kwa hiyo nalitangulia. Mababu zetu waliomwomba Mulungu kayani, katika ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wakafa kabla Krapf hajashuka chomboni, wako wapi? Mimi ni mzaliwa wa Rabai. Silisemi hili kwa wepesi. Ibrahimu naye hakuwahi kusikia jina la Yesu wa Nazareti, na Warumi 4 yasema alihesabiwa haki kwa imani. Wale watu 1,400 hawakuketi kwenye mapatano. Bei iliamuliwa kati ya Mackenzie na mabwana, wao wakiwa mashambani wanapalilia. Akiwapo babu yangu mbele za Mungu, yupo kwa malipo yaleyale niliyokombolewa nayo mimi. Ni nani walio humo, namwachia yule ambaye Ibrahimu alimuuliza, "Je! Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?"

Lakini vile vyeti havikubaki ndani ya sanduku Mombasa. Vilipelekwa kwa wenyewe, wakapewa mkononi, na asiyejua kusoma ilibidi asomewe.

Nakomea hapa. Nawaona vijana wa nyuma mmeinua mikono tangu nilipotaja mafuta. Tuanze na nyinyi, kisha kipaza sauti kiende kwa yule mama mwenye leso ya manjano.