Reli Ilipokata Kona Nakuru

Hamjambo wazee wangu, akina mama na vijana. Asanteni kwa kuja na jua hili la Kisumu.

Kila nikisimama hapa swali ni lilelile: ziwa tunalo, miwa tunayo, pamba inamea, mbona viwanda viko kwingine? Na huko nyuma hakosi mtu wa kunong'ona kwamba watu wa huku ni wavivu. Huyo namuuliza: waliochuma majani chai Kericho na kupakua meli Mombasa walitoka wapi? Kodi ya vibanda ya mkoloni ndiyo iliyowatoa babu zetu hapa wakajenge kwa wengine.

Mali ghafi inatudanganya. Manchester ilitajirika kwa nguo, na pale haukumea hata mche mmoja wa pamba. Pamba iliyochambuliwa haiozi, inavuka bahari. Muwa sivyo. Umeukata leo, utamu unaanza kupungua, tena sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ndiyo maana viwanda vya sukari vya Miwani, Chemelil na Muhoroni vilijengwa katikati ya miwa. Kiwanda cha sukari kilitufuata kwa kulazimika. Cha nguo hakilazimiki.

Kinafuata njia. Reli ilifika hapa 1901, pakiitwa Port Florence, na mzigo wa Uganda ukawa unapita mikononi mwetu: gari moshi mpaka gatini, kisha meli. Halafu pale Nakuru wakachepusha reli nyingine kupitia Eldoret, na 1931 ikaingia Kampala. Mzigo ukatupita mgongoni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Mwanza, jirani yetu wa majini, akawa mgeni.

Na KICOMI, kiwanda chetu cha nguo hapa Kisumu? Miaka ya 1990 mitumba ilimiminika, mitambo ikanyamaza. Msinitazame hivyo, hata shati langu hili ni mtumba wa soko la Kibuye.

Lakini kinachoniuma zaidi ni upweke wa viwanda vyetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa 2009, fundi wa pampu alibaki na ujuzi wake mkononi, hana lango la pili la kubisha. Mwenzake wa Industrial Area, Nairobi, akifutwa leo, kesho anauliza kazi ng'ambo ya barabara. Basi mwenye mtaji, hata awe mzaliwa wa Siaya, anajenga kule kwenye mafundi, vipuri na wanunuzi. Akishajenga, anakuwa sababu ya mwingine kumfuata.

Juzi niliketi na fundi wa jua kali anayeunda mashine za kukoboa mahindi. Gia ikivunjika, anaituma Nairobi kwa basi la usiku ikachongwe, na inarudi baada ya siku nne. Nikamuuliza, mteja hufanya nini siku hizo zote?

Akacheka. "Mwalimu, si anapanda basi hilohilo akanunue mashine ya huko!"