Dirisha la Emin Pasha

Asalaam aleykum, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliojibanza ukutani huko nyuma.

Mmeniita niseme juu ya madaraka, mali na hekima. Madaraka sitayachambua sana. Wajerumani waliweka makao makuu yao hapa hapa Bagamoyo, na mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mali ina mambo yake. Sewa Haji alitajirika kwa kuiandalia misafara ya bara vitambaa, shanga, bunduki na wapagazi. Kabla hajafariki, 1897, alitoa sehemu ya mali ile kwa shule na hospitali. Swali langu, na sina haraka ya kulijibu: sadaka hiyo inamfikia mpagazi aliyefia njiani?

Ila tunachokiogopa kidogo kuliko vyote ni hekima. Mwizi wa mali hukamatwa, mwenye cheo huondolewa. Msomi aliyelewa elimu yake nani wa kumshika mkono? Wala msiniambie naisema elimu vibaya. Sheikh Ramiya aliletwa pwani hii akiwa mtumwa, na alipofariki 1931 alikuwa shekhe mkubwa wa tarika ya Qadiria. Elimu ndiyo iliyomvusha.

Sasa mtazameni Emin Pasha: daktari, mjuzi wa ndege na lugha, gavana wa Ekwatoria, kusini mwa Sudan, kwa zaidi ya miaka kumi. Desemba 1889 mvumbuzi Stanley akamleta hapa, Wajerumani wakamwandalia karamu. Macho yake yalikuwa hafifu. Usiku ule akaanguka kutoka dirisha la ghorofani, kichwa kikaumia vibaya. Akapona, akarudi bara kuwatumikia Wajerumani, na 1892 akauawa Kongo.

Watu humcheka. Mimi simcheki, maana nami nina dirisha langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilipanda mashua kwenda Unguja. Nahodha akasema tungoje, upepo hauaminiki huu. Nikamwagia hesabu za bamvua na maji mafu, zote za kitabuni, mpaka abiria wakanipigia makofi na mzee wa watu akanyamaza. Tukang'oa nanga. Katikati ya mkondo wimbi la kwanza likaingia, la pili likanivua kofia. Yule mzee hakunigombeza. Alinitupia kata ya kuchotea maji tu, akasema: "Fua maji, mwalimu."