Chachu Imelala: Kuiga London Pride Jikoni Hounslow

SALMA: Haya, tumerudi. Leo hatuko mezani kwangu kama kawaida, tuko jikoni kwa Aloyce, Hounslow, magharibi mwa London. Mkisikia kitu kinafanya blup, blup, msidhani ni tumbo la mtu.

ALOYCE: (anacheka) Ni ndoo hiyo, bia inachachuka. Ndoo ya pili. Ya kwanza iko kwenye chupa tayari, na ndiyo yenye kesi.

SALMA: Niseme mapema, wasikilizaji, msije mkanipigia simu kwa mama Tanga. Mimi sinywi. Nimekuja na pua tu.

ALOYCE: Na pua hiyo ndiyo iliyookoa lita 20, dada. Tutafika.

SALMA: Anza mwanzo basi. Mtu umetoka Moshi, umezaliwa kwenye mbege, imekuwaje unahangaika na bia ya Waingereza?

ALOYCE: Ni basi. Nilipofika huku nilikuwa napanda basi linalopita Chiswick, na asubuhi nyingine likifika karibu na mzunguko wa Hogarth, dirisha likiwa wazi, inaingia harufu. Nikashtuka. Kimea! Kimea kinachopikwa, ile ya nyumbani kwa bibi kabisa. Nikashuka siku moja kuifuata. Kumbe pale ndipo kilipo kiwanda cha bia cha Griffin, cha kampuni ya Fuller's. Ubia wa Fuller, Smith na Turner ni wa mwaka 1845, lakini pombe ilikuwa ikipikwa hapo zamani kabla yao. Mwaka 2019 Asahi, kampuni ya bia ya Japani, wakakinunua kiwanda, baa zikabaki kwa Fuller's.

SALMA: Ukaingia baa.

ALOYCE: Ukimaliza kunusa utafanya nini tena? Nikaagiza London Pride, bia ya hao Fuller's, ya pipa. Ile inayovutwa kwa mkono, kile kipini kirefu kaunta. Haina gesi nyingi, haijachujwa ikawa kama kioo cha kiwandani, chachu yake iliingia hai ndani ya pipa ikamalizia kazi humohumo.

SALMA: Na ni ya moto. Watu wote wanasema Waingereza wanakunywa bia ya moto.

ALOYCE: Uongo huo. Inatakiwa digrii 11 mpaka 13 hivi, ubaridi wa stoo ya chini ya nyumba. Sisi tuna maneno mawili tu, si unajua? Ukikaa baa pale Moshi mhudumu anakuuliza: ya baridi au ya moto? Hii iko katikati, hatuna jina lake. Ikiwa baridi sana ladha inajificha. Ukiisubiri kidogo ndiyo unaanza kusikia ganda la chungwa, biskuti, na uchungu unaokuja nyuma taratibu.

SALMA: Sasa mpaka ukaamua kuipika. Sheria inasemaje? Nisije nikahojiwa na mimi.

ALOYCE: Ukipika yako, ukanywa na wenzako, huna kosa. Zamani ilibidi uwe na leseni, wakaifuta mwaka 1963. Ila usiuze. Ukiuza hata chupa moja umeingia kwenye mambo ya ushuru.

SALMA: Mimi nimeonja harufu tu, hakuna ushuru.

ALOYCE: Sasa sikiliza. Kitu cha kwanza nilichokosea ni kutojua ninaiga nini. Nilinunua Pride ya chupa dukani, nikaiweka mezani iwe kipimo. Chupa ni asilimia 4.7 ya kileo. Ile ya pipa, iliyonishusha kwenye basi, ni 4.1. Ni bia mbili hizo zenye jina moja! Nikatupa hesabu zote nikaanza upya kwa ya pipa.

SALMA: Tupe hesabu mpya, wapo wanaoandika.

ALOYCE: Lita 20. Kimea cha shayiri, Maris Otter, kilo 3.7. Hiyo shayiri ilizalishwa Cambridge miaka ya 60 na hadi leo wapikaji wa bia za Kiingereza wanaigombania. Halafu kimea cha karameli, kile kilichokaangwa mpaka sukari ikageuka rangi ndani ya punje, gramu 200. Basi. Huweki kitu kingine.

SALMA: Vitu viwili tu?

ALOYCE: Viwili. Ndiyo maana nasema watu wanahangaika bure na resipe. Unaloweka kimea kilichosagwa kwenye maji ya digrii 66 kwa saa nzima, ndani ya mfuko wa kitambaa, kwenye sufuria kubwa. Wanga unageuka sukari. Ukionja hapo, Salma, ni togwa. Togwa kabisa, ila ya shayiri.

SALMA: Hiyo nilionja! Hiyo niliruhusiwa. Tamu, nzito kidogo, imekosa tangawizi tu.

ALOYCE: (anacheka) Alikunywa vikombe viwili, wasikilizaji, na mimi nahesabu lita zangu.

SALMA: Ulinikaribisha mwenyewe.

ALOYCE: Unanyanyua mfuko, machicha yanabaki humo, togwa unaichemsha saa nzima na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Target gramu 15 mwanzo, kwa uchungu. Challenger gramu 20 zikibaki dakika 15. Northdown gramu 20 unapozima jiko. Ni hopsi zilezile za Fuller's, zote za Kiingereza.

SALMA: Hopsi nilizishika. Vidonge vya kijani kama chakula cha sungura. Nikamwambia Aloyce, hii inanuka majani yaliyokatwa halafu mvua ikanyesha.

ALOYCE: Bibi yangu angeuliza msesewa uko wapi. Mbege tunaitia gome la msesewa, ndilo linaloleta ule uchungu. Unachemsha ndizi, unapika ulezi uliooteshwa, unachanganya na gome. Ukiniuliza mimi, bibi na wale wa Chiswick wangeelewana haraka kuliko wangeelewana na mtu wa laga, bia inayochachuka kwenye baridi. Kimea, kitu kichungu, chachu inayofanya kazi juu kwenye joto la kawaida, unakunywa ingali hai.

SALMA: Kuna kitu ulinieleza nikakielewa kuliko vyote, kile cha tui.

ALOYCE: Ah, hicho ni chako wewe, kieleze mwenyewe.

SALMA: Basi Aloyce ananiambia, pale Fuller's hawapiki Pride peke yake. Kimea kilekile kimoja wanakitoa maji mara mbili. Maji ya kwanza mazito, yana sukari sana. Wanamwagia tena, yanatoka ya pili, mepesi. Wanachemsha mbalimbali, halafu wanachanganya kwa vipimo. Nikamwambia, kaka, hilo ni tui la nazi! Nazi moja, unakamua tui zito, unatia maji tena unakamua tui jepesi. Jepesi linapikia wali, zito unamalizia mchuzi.

ALOYCE: Ndiyo hivyo hasa. Ukichanganya kwa kipimo hiki ulikuwa unapata Chiswick Bitter ya asilimia 3.5, kwa kile unapata Pride, ukizidisha zito unapata ESB ya 5.5, na mwisho kuna Golden Pride ya 8.5, hiyo ni tui bubu lisiloguswa maji. Nazi moja, vyakula vinne.

SALMA: Wazungu nao wana tui, nani angejua.

ALOYCE: Mimi sikufanya hivyo, jiko langu dogo. Nilikwenda moja kwa moja. Ila maji niliyashughulikia. Fungua birika lolote London uone lile gamba jeupe, chokaa tupu. Nikayachemsha siku moja kabla, nikayaacha chokaa itue chini, nikamimina ya juu. Nikatia jasi kidogo, kijiko cha chai hakikujaa. Jasi inafanya uchungu uwe mkavu, usikae ulimini kama dawa.

SALMA: Sasa tuje kwenye kesi.

ALOYCE: Kesi. (anavuta pumzi) Chachu. Wapikaji wa nyumbani wanaamini kwamba zile chachu za maabara zinazouzwa kwa jina la London ESB chimbuko lake ni Fuller's. Nikanunua mfuko wake. Chachu hii ina tabia ya ajabu. Nyingine zinaelea kama vumbi ndani ya bia wiki nzima. Hii inashikana mabonge. Ukitikisa chupa yake unaona kama maziwa ya mgando yaliyokatika.

SALMA: Ni kweli, nilidhani imeharibika.

ALOYCE: Uzuri wake, ikimaliza inatua chini, bia inang'aa. Ubaya wake, inaweza kutua kabla ya kumaliza. Nilianza vizuri, digrii 18, siku ya pili povu limefika mfunikoni. Siku ya tatu usiku mwenye nyumba akazima joto la nyumba nzima. Alikuwa anabana matumizi, simlaumu, hata mimi bili naiona. Asubuhi ndoo iko digrii 14. Blup hakuna. Mimi nikajua imekwisha, nikafurahi hata, siku tatu tu!

SALMA: Hapo ndipo nilipoingia. Nilikuja kuchukua mikrofoni yangu, sikuja kwa bia. Akafungua mfuniko anionyeshe, anajidai. Nikainama. Nikamwambia, Aloyce, umetia siagi?

ALOYCE: Nikamwambia siagi ya nini?

SALMA: Nikamwambia inanuka bisi za sinema. Zile zenye siagi ya kumiminwa. Siyo harufu mbaya, ila siyo ya humo.

ALOYCE: Mimi sikuisikia! Pua yangu ilikuwa imeshaizoea nyumba nzima. Nikachukua haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Nilianza na 1.041. Nilitarajia 1.010 hivi. Inasoma 1.020.

SALMA: Maana yake?

ALOYCE: Nusu ya sukari bado imo. Chachu imelala njiani. Na siagi uliyonusa ni ya kweli, inaitwa diasetili. Chachu ikiwa kazini inaiacha nyuma yake, halafu ikikaribia kumaliza inairudia yenyewe na kuila. Sasa yangu ilitua chini na baridi, haikurudi kuchukua uchafu wake. Kama ningetia kwenye chupa siku ile, ningekuwa na chupa 40 za bisi, na sukari iliyobaki ingezipasua moja moja kabatini.

SALMA: Subhanallah. Na pale kabatini kuna nguo zangu za harusi ya Reading.

ALOYCE: Ndiyo maana nakushukuru.

SALMA: Ukaiamshaje?

ALOYCE: Kwanza nikaivisha. Blanketi, juu yake ile kanga uliyoniachia, nikaisogeza karibu na radieta mpaka digrii 20, 21. Halafu kijiko kirefu kilichochemshwa, nikakoroga chini taratibu sana, kunyanyua yale mabonge tu. Usipige povu, hewa ikiingia hapo unaiharibu. Jioni nikakoroga tena. Kesho yake saa nne asubuhi, niko kwenye simu na mtu wa kazini, nasikia: blup.

SALMA: Akanitumia sauti ya blup kwenye WhatsApp. Sekunde 40 za blup.

ALOYCE: Siku tatu baadaye, 1.011. Karibu asilimia 4. Nikaiacha siku mbili zaidi juu ya joto lilelile ile siagi iliwe yote. Na hapa naomba wenzangu wanisikie: pesa yote watu wanaitupa kwenye hopsi, hopsi za Marekani, hopsi za New Zealand. Bia hii ya Kiingereza hopsi zake hazifiki gramu 60. Lile ganda la chungwa ninalolipenda kwenye Pride sehemu kubwa ni chachu. Nunua thamomita, kalale karibu na ndoo ikibidi.

SALMA: Kama mzazi mwenye mtoto wa homa.

ALOYCE: Hasa. Chupa nilitia sukari gramu 60 tu kwa ndoo nzima. Watu wa laga wanaweka mara mbili yake. Ukizidisha gesi umeshapotea, unapata soda yenye rangi ya chai. Wiki tatu kabatini.

SALMA: Na leo wiki tatu zimetimia. Mezani kuna bilauri mbili. Kushoto?

ALOYCE: Kushoto Pride, nilikwenda kuichota Chiswick mchana, baa wamenijazia kwenye chombo cha kubebea. Kulia yangu.

SALMA: Kwa macho tu, yako imekolea zaidi. Pride ni kama chai ya rangi kwenye jua, yako ni chai iliyosahaulika jikoni.

ALOYCE: Nilichemsha kwa moto mkali mno, sukari ikaungua kidogo chini ya sufuria. Hilo nalikubali. (ananywa) Uchungu uko sawa. Hapa mwisho, baada ya kumeza, yangu inakatika mapema, Pride inaendelea. Na biskuti yangu ni nyingi kuliko yao. (ananywa tena) Mtu akiniletea gizani bila kuniambia, nitasema ni ndugu. Siyo pacha, ni ndugu wa baba mdogo.

SALMA: Lete ninuse.

ALOYCE: Usiogope, nimekufungulia mpya kabisa. (sauti ya chupa)

SALMA: Subiri. (kimya) Siagi hakuna. Nanusa mkate... mkate uliotoka sasa hivi. Na kuna kitu kama ukimenya chungwa mtu akiwa chumba cha pili.

ALOYCE: Chumba cha pili tu?

SALMA: Kwenye Pride chungwa liko mkononi. Kwako liko chumba cha pili, mlango umeegeshwa.

ALOYCE: (anacheka sana) Ndoo hii ya sasa nimeianza digrii 17, nitaipandisha mwenyewe pole pole mpaka 20, tuone kama mlango utafunguka. Na mwenye nyumba nimemlipia bili ya mwezi huu.

SALMA: Na machicha? Naona mfuko mzima pale.

ALOYCE: Bibi angempa ng'ombe. Hapa Hounslow ng'ombe sina.

SALMA: Nipe mimi, nikayakaushe kwenye oveni niyatie kwenye mkate. Na kanga yangu, Aloyce, naomba uifue kwanza.